Jinsi ya kuizunguka Valletta, mji mkuu wa Malta, bila kuumiza magoti wala mfuko

Neno la kwanza utakalokutana nalo Malta ni Merħba, wameliandika kwenye mabango ya kukaribisha wageni, na mimi niliposoma mara ya kwanza nikacheka peke yangu kama chizi, maana kwetu Tanga marahaba unaipata baada ya kutoa shikamoo, sasa hapa nimepewa bure hata sijamwamkia mtu. Nikajua tu huku tutaelewana.

Mi naishi Catania, Sicily, Malta ni jirani kabisa, nimeshaenda mara nne, na kila mara kuna ndugu au rafiki ananiuliza maswali yaleyale, eti siku ngapi zinatosha, eti kuna nini cha kuona kwenye kamji kadogo vile, eti ni ghali? Sasa nimeona niandike mara moja tu iishe. Jibu fupi: siku moja na nusu inatosha, cha kuona kipo kingi kuliko ukubwa wa mji, na ughali unategemea unalala wapi na unakula wapi. Jibu refu ndo hili hapa chini.

Kwanza ujue ukubwa. Valletta ina kama kilomita ya mraba 0.6 tu, ndo mji mkuu mdogo kuliko yote kwenye Umoja wa Ulaya, urefu wake ni kama kilomita moja, ukitoka kwenye geti la mji ukatembea mwendo wa mtu anayeenda dukani dakika 20 umefika mwisho, mbele yako bahari. Na hapo ndo mtego ulipo. Watu wanashuka kwenye zile meli kubwa za watalii, wanaingia getini, wananyoosha barabara kuu ya Triq ir-Repubblika mpaka chini, selfie, aiskrimu, wanarudi melini, wanasema tumeshaiona. Hawajaiona. Yaani ni sawa na mtu apite Forodhani achukue picha ya jahazi halafu aseme Unguja anaijua.

Siri yenyewe ni moja na nitairudia: Valletta usiingie kwa getini, ingia kwa majini. Huu mji ulijengwa kwa ajili ya watu wanaokuja na meli, tena wanaokuja kwa ubaya, kwa hiyo uso wake uko baharini, huko getini ni mgongoni.

Mimi siku ya kwanza sikujua hilo. Nilishuka basi nje ya geti na begi langu la magurudumu, chumba nimeshalipia mtaa wa St Ursula, na mwenye chumba kwenye maelezo yake kaandika "dakika tano kutoka stendi", sawa ni kweli dakika tano, ila hakusema kwamba mtaa wenyewe ni ngazi. Ngazi! Mtaa mzima. Zimechongwa pana pana fupi fupi, na unaposhuka na begi la magurudumu kila ngazi inapiga kelele ta, ta, ta, mji mzima unajua mgeni kaingia. Gurudumu moja likang'oka likatangulia mbele lenyewe. Bibi mmoja alikuwa kwenye roshani juu anaanika nguo, akaniangalia akasema kwa huruma kabisa, "Miskin!" Jamani. Maskini! Nilisimama pale katikati ya ngazi nikasahau hasira, nikamjibu "shikamoo bibi" bila kufikiri, naye akatikisa kichwa akaendelea na nguo zake.

Kimalta ni lugha iliyotokana na Kiarabu cha zamani cha Sicily, ikaja kumezwa nusu na Kiitaliano, inaandikwa kwa herufi za Kilatini, na ndo lugha pekee ya ukoo wa Kiarabu na Kiebrania ambayo ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo sisi Waswahili tuna sikio nusu tayari. Bahari wao ni baħar, dunia ni dinja, kitabu ni ktieb, asali ni għasel, tufaha ni tuffieħ, sabuni ni sapun, shetani ni xitan, soko ni suq. Alhamisi ni il-Ħamis, Ijumaa ni il-Ġimgħa. Hesabu ndo raha zaidi, sitta, sebgħa, kisha makumi yanaenda għoxrin, tletin, erbgħin, ħamsin, sittin, mpaka mija na elf. Halafu hawa ni Wakatoliki hasa, lakini Mungu wanamwita Alla na Kwaresima wanaiita Randan, yaani Ramadhani ileile imebadilisha dini. Jifunze kusoma herufi chache itakusaidia kwenye basi: x ni sh, ġ yenye nukta ni j, j ya kawaida ni y, għ mara nyingi haisikiki kabisa, na q ni kama umekwama kidogo kooni. Kwa hiyo Marsaxlokk, kijiji chao cha wavuvi, inasomwa Marsashlok. Ukisema "Marsaksloki" dereva atakuelewa ila atakuonea huruma. Kiingereza nacho ni lugha rasmi, kila mtu anakiongea, kwa hiyo usiogope kupotea.

Mambo ya maandalizi nitapita haraka. Malta iko Schengen tangu Desemba 2007, kwa hiyo kama una viza au kibali cha nchi nyingine ya Schengen unaingia tu. Hela ni euro tangu 2008. Walitawaliwa na Mwingereza mpaka 1964, ndo maana magari yanapita kushoto kama kwetu na soketi za ukutani ni zilezile za pini tatu bapa, chaja yako ya Dar au Nairobi inaingia bila adapta, hapo umeshaokoa hela ya pastizzi kumi, kitafunwa chao nitakachokueleza mbele. Ukitokea Sicily kuna boti ya kasi kutoka Pozzallo, kama saa moja na dakika 45. Ukitua na ndege, kiwanja hakiko mbali, basi linakupeleka hadi stendi ya Valletta nje ya geti, na stendi hiyo ndo kitovu cha mabasi mengi ya kisiwa. Nauli mara ya mwisho nililipa euro 2 majira ya baridi, kiangazi inakuwa 2.50, na tiketi inadumu saa mbili hata ukibadilisha basi, usiitupe. Julai na Agosti usiende kama unaweza kuepuka, jua la pale linapiga juu na linarudi tena kutoka kwenye mawe, hata mtu wa Tanga nililalamika. Machi mpaka Mei ni safi, Oktoba pia.

Sasa kulala. Ndani ya Valletta vyumba ni ghali na usiku vingine vina makelele ya baa. Sliema kuna hoteli nyingi ila ni maghorofa tu, ungekuwa popote. Mimi nakushauri lala ng'ambo ya bandari, kwenye ile miji mitatu midogo, Birgu, Bormla na Senglea, ambayo kila mmoja una majina mawili ya kukuchanganya, Birgu ni Vittoriosa, Bormla ni Cospicua, Senglea wenyewe wanaiita L-Isla. Kuna utulivu, watu wanakaa mlangoni jioni na viti vyao kama barazani, na kuna boti ya abiria inavuka mpaka Valletta kwa dakika chache. Jioni ya kufika usiende popote. Tembea mpaka ncha ya Senglea, kuna kibustani kinaitwa Gardjola na kibanda cha mlinzi cha mawe kinachoning'inia juu ya maji, kimechongwa jicho upande mmoja na sikio upande mwingine, kuonyesha mlinzi alikuwa anaona na anasikia kila kitu. Kaa hapo. Mbele yako ndo Valletta yenyewe, ukuta wa mawe rangi ya asali unapanda kutoka majini kwenda juu, na jua likizama linakuwa kama limewashwa kutoka ndani.

Hapo ndo historia inaingia bila kusoma kitabu. Mwaka 1565 jeshi la Waturuki wa Ottoman lilikuja na meli kukichukua hiki kisiwa, na waliokuwa wanakilinda ni wale watawa-askari wa Mtakatifu Yohane pamoja na Wamalta wenyewe. Wakati huo Valletta haikuwepo, ilikuwa kilima kitupu na ngome moja ndogo mwishoni, St Elmo, na watawa walikuwa huku huku uliposimama wewe, Birgu na Senglea. Waturuki wakapandisha mizinga kwenye kile kilima wakawapiga kutoka juu. St Elmo ilishikilia karibu mwezi mzima ikaanguka tarehe 23 Juni, lakini huu upande wa miji ukagoma, na tarehe 8 Septemba Waturuki wakaondoka. Mpaka leo 8 Septemba ni sikukuu na kuna mashindano ya ngalawa bandarini. Mkuu wa watawa, Jean de Valette, akasema hapana, kile kilima hatukiachi wazi tena, na tarehe 28 Machi 1566 likawekwa jiwe la kwanza. Papa akamtuma mhandisi wake Francesco Laparelli akachora mji wa mitaa iliyonyooka kama daftari la hesabu. Mpango ulikuwa kilima kisawazishwe kwanza, lakini wakawa na hofu Waturuki watarudi, wakaacha, wakajenga hivyo hivyo juu ya mteremko. Ndo ngazi zile zilizoua begi langu. Kwa hiyo ukihema kwenye mitaa ya Valletta mlaumu Sultani wa Istanbul.

Mtu wa Mombasa akiangalia zile kuta zenye pembe zilizochongoka atasema mbona Fort Jesus, na hajakosea sana, ni mtindo uleule wa enzi ileile, Fort Jesus ilianza kujengwa 1593 na mchoro ni wa Mwitaliano pia, Giovanni Battista Cairati. Tofauti ni kwamba huku wameifanya ngome halafu wakahamia ndani mji mzima.

Asubuhi amka mapema. Saa mbili na nusu uwe kwenye boti ya Bormla, au kama una bahati pale Birgu utakuta dgħajsa, vile vimtumbwi vya rangi vyenye ncha mbili zilizoinuka, mwenyewe anakuvusha kwa euro chache, bei ulizia kabla hujakaa, si unajua mambo ya bandarini. Kaa upande wa kulia ukiwa unaelekea Valletta uone mdomo wa bandari kule nje. Ukishuka ng'ambo usipande kwa miguu, utamaliza nguvu bure, kuna lifti inaitwa ya Barrakka, ilifunguliwa 2012, inakupandisha mita 58 kwa euro moja mpaka kwenye bustani ya Upper Barrakka. Hiyo euro moja ndo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote Ulaya. Ukifika juu angalia mandhari kidogo tu, usikae, utarudi baadaye.

Nenda moja kwa moja kanisa kuu la Mtakatifu Yohane, linafungua saa tatu asubuhi, na hiyo ndo saa ya kuwahi kabla watu wa melini hawajamwagika. Angalia mambo matatu: usiende Jumapili maana ni siku ya ibada na watalii hawaingii, funika mabega, na kina dada viatu vyenye kisigino chembamba haviruhusiwi kwa sababu sakafu yote ni makaburi. Ndio, makaburi, kama 400 hivi, kila moja bamba la marumaru za rangi na mafuvu na malaika wamechorwa kwa mawe yaliyokatwa vipande vipande, unakanyaga watu wakubwa wa Ulaya ya zamani. Kwa nje kanisa lenyewe halina mbwembwe, Girolamo Cassar alilijenga miaka ya 1570 kama mtu anayejenga ghala la korosho, nilipita mara mbili sijajua ndo hilo. Ukivuka mlango sasa! Dhahabu kila mahali, dari lote limechorwa na Mattia Preti miaka ya 1660, hujui uangalie juu au chini, shingo inauma. Kiingilio ni cha juu kidogo, kama euro 15, na unapewa kifaa cha kusikiliza maelezo. Lipa tu. Kama una hela ya kuingilia sehemu moja tu Valletta basi ni hii, kwingine unaweza kuangalia kwa nje.

Pale ndani kuna chumba cha pembeni chenye picha ya Caravaggio ya kukatwa kichwa kwa Yohane Mbatizaji, aliichora 1608, ni kubwa karibu ukuta mzima, na ndo picha pekee aliyoitia sahihi yake, tena sahihi ameiandika kwenye damu inayomwagika shingoni. Usiipite mbio. Huyu jamaa alikuwa ameua mtu Roma 1606 akakimbia, akaja Malta 1607, watawa wakamkaribisha wakamfanya mwenzao, haikupita hata miezi miwili akapigana tena, wakamfunga kwenye ngome ya St Angelo, ile uliyopishana nayo asubuhi ukiwa kwenye boti. Akatoroka kwa bahari akaenda Sicily. Watawa wakakaa kikao cha kumfukuza mwenyewe hayupo, na kikao kikafanyika kwenye chumba hichohicho, mbele ya picha yake. Mi kila nikipanda boti ya kurudi nyumbani namkumbuka, maana njia ni moja, tofauti yangu na yeye mimi nina tiketi.

Ukitoka kanisani itakuwa kama saa tano. Hapo sasa tembea bila mpango, mitaa imenyooka huwezi kupotea, ukiona bahari upande mmoja jua umefika pembeni geuka. Angalia juu. Roshani za mbao zilizofungwa na vioo, kijani, nyekundu, bluu, zinaitwa gallarija, mtu wa Mji Mkongwe atajisikia nyumbani, na kwenye kona za mitaa kuna sanamu za watakatifu zimepachikwa ukutani. Bado kuna wazee wanaoteremsha kikapu kwa kamba kutoka juu waletewe mkate, sijui kwa nini kwetu kwenye maghorofa ya Kariakoo hatujaiga. Halafu rudi Upper Barrakka kabla ya saa sita mchana, maana saa sita kamili wanapiga mzinga, na saa kumi jioni tena. Kukaa chini kabisa karibu na mizinga unalipia, lakini juu bustanini kwenye matao ni bure na unaona vizuri zaidi, ila fika robo saa kabla ushike nafasi ukutani. Na jiandae, mlio ni mkubwa, kuna mtoto wa watu alilia mpaka wanajeshi wakacheka.

Chakula. Hapa nisikilize vizuri maana hapa ndo watu wanaliwa badala ya kula. Mara yangu ya pili nilikaa kwenye mgahawa wa barabara kuu wenye miavuli, menyu yenye picha, nikala tambi za kawaida kabisa nikaletewa bili mpaka nikaangalia kama wameandika ya meza ya jirani. Usikae popote penye mtu anayesimama nje kukuita. Tafuta kidirisha kinachouza pastizzi, hicho ni kitafunwa cha taifa, unga unakunjwa tabaka tabaka kama chapati ya kukunja halafu wanaoka, ndani wanaweka jibini laini ya irkotta au njegere za kusaga zenye viungo, hiyo ya njegere ukifumba macho unasema sambusa imepata visa ya Ulaya. Bei yake haifiki hata euro moja, mbili tatu unashiba. Waislamu ulizieni mafuta waliyotumia kwenye unga, wengine wanatumia ya nguruwe. Kunywa na chai, kuna sehemu bado wanaimimina kwenye glasi, yenye maziwa, nzito, kama ya mgahawani kwetu, mtu wa Pwani hapati shida. Mchana kweli kula ftira, mkate wa duara ulioshindiliwa jodari, nyanya, zeituni na kapari, na upishi wake umeingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2020. Ukipita getini kuna wanaokaanga imqaret, ni tende zimefungwa kwenye unga, moto moto, nunua hata kama umeshiba. Sungura ndo mlo wao wa kujidai, wanaupika na mvinyo, mi sikuona ajabu. Na soda yao ya Kinnie ni ya machungwa machungu, funda la kwanza utanichukia, la tatu utanunua nyingine.

Mchana jua likiwa kali ndo wakati wa kuwa ndani. Mkristo unayejua Matendo ya Mitume 27 na 28, pale Paulo anapovunjikiwa na meli na nyoka anamng'ata haumii, kisiwa chenyewe ndo hiki, na mtaa wa St Paul kuna kanisa la kumbukumbu hiyo ambako wanahifadhi mfupa wanaosema ni wa mkono wake. Kuingia ni haraka. Kama unapenda vita nenda mwisho kabisa wa mji, St Elmo, ngome ileile ya 1565, sasa ndani kuna makumbusho ya vita, na humo ndo unaiona ile George Cross yenyewe, nishani ambayo Mfalme George wa Sita alikipa kisiwa kizima tarehe 15 Aprili 1942 kwa kuvumilia mabomu ya Wajerumani na Waitaliano. Ndo ule msalaba ulioko kwenye bendera yao. Njiani pembeni ya bustani ya Lower Barrakka kuna kengele kubwa ya kumbukumbu ya vita hiyo, ilizinduliwa 1992 na Malkia Elizabeth, ambaye kabla ya kuwa malkia aliwahi kuishi hapa Malta, kati ya 1949 na 1951, mume wake akiwa mwanajeshi wa majini. Miezi michache baadaye yuko Nyeri, anapanda kwenye nyumba ya juu ya mti akiwa binti mfalme anashuka malkia. Dunia ndogo, dinja ndogo.

Usirudi kwa kupanda barabara kuu, ni mlima. Pitia pembeni upande wa Marsamxett, ile bandari ya upande wa pili wa mji, taratibu, kuna kivuli jioni, halafu kata uingie mtaa wa Strait, mwembamba kiasi kwamba watu wawili wenye matumbo hawapishani vizuri, zamani ndo ulikuwa mtaa wa mabaharia, baa, muziki na hayo mengine ambayo mabaharia wanatafuta. Sasa ni baa za kistaarabu. Mimi napenda kupita tu.

Mwishoni kabisa fika getini, lakini ukiwa unatoka, si unaingia. Utaliona jengo jipya la bunge lililochorwa na Mwitaliano Renzo Piano, mawe yamechongwa kama mzinga wa nyuki, wengine wanalichukia, mimi naona limekaa vizuri, na kando yake kuna nguzo zimevunjika zimebaki zimesimama wima, hilo lilikuwa jumba la opera lililopigwa bomu 1942, hawakulijenga upya, wameweka viti wanafanya maonyesho humohumo kwenye magofu chini ya anga. Mwanzoni nilidhani hela iliwaishia.

Hiyo nusu ya siku iliyobaki ifanye Jumapili kama unaweza, maana kanisani huingii siku hiyo. Panda basi stendi, namba 81 au 85, nenda Marsaxlokk kwenye soko la samaki. Boti zao za luzzu zimepakwa rangi kali na mbele zimechorwa macho mawili, ya kuona njia na kumfukuza hasidi, na ukiziona utakumbuka majahazi ya Lamu yenye macho yaleyale. Nilimuuliza mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu kama macho yanasaidia kweli. Akaniambia yeye mwenyewe anavaa miwani, boti acha ione.

Kama siyo Jumapili basi namba 51, 52 au 53 wanakupeleka Mdina, mji mkuu wa zamani kabla ya Valletta, jina ni Madina ileile. Nenda jioni watalii wakishaondoka, saa moja inatosha.

Na usiku wako wa mwisho panda boti ya Sliema kutoka upande wa Marsamxett, vuka, kaa ukutani upande wa pili uangalie kuba kubwa la Wakarmeli na mnara wa kanisa la Kianglikana vikiwashwa taa juu ya maji. Ila uliza kabisa boti ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi, na ile ya Bormla pia, zinabadilika kati ya kiangazi na baridi. Mi niliikosa. Basi la kuzunguka lote kwa barabara lilinichukua karibu saa nzima, na pembeni yangu alikaa mzee mmoja kabeba mfuko wa vitunguu, nikampa ile Kinnie yangu iliyobaki, akainywa yote.